Nilinuniana na shemeji misimu miwili kisa tumbaku. Kuongea na mtu unayepingana naye kunahitaji mazoezi

MrinaAsali (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome usiku akishatulia. Nimeuahirisha tangu Julai kwa sababu unagusa watu wa nyumbani, lakini shemeji mwenyewe ameniruhusu kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala kijiji.

Mimi ni mkazi wa Ng'ambo, Tabora mjini, na kazi yangu ni asali. Nina mizinga porini upande wa Sikonge, na msimu ukikolea nanunua pia kwa warinaji wenzangu. Mke wangu ni mtu wa Urambo. Kaka yake, ambaye ndiye shemeji ninayemsema humu, analima tumbaku kama alivyolima marehemu baba yao.

Kwa wasiojua, Urambo na tumbaku vimezoeana muda mrefu. Waingereza walipoleta ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, nyingine Kongwa na Nachingwea. Karanga zikawashinda, mwaka 1951 mradi ukafa, na baada yake tumbaku ikashika. Mtu wa Urambo ukimwambia aache tumbaku, kwa masikio yake unamwambia kwamba baba yake aliishi maisha ya makosa. Hili nimelielewa mwaka huu, na nina miaka kumi na minne kwenye ukoo ule.

Ugomvi ulitokea siku ya arobaini ya baba mkwe. Watu wameshakula, wanaume tumekaa chini ya mwembe, maongezi yakafika kwenye mvua, maana mwaka ule zilichelewa. Nikasema mvua zitaendelea kutukimbia maadamu kuna watu wanaiteketeza misitu kwenye mabani yao, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Sikumtazama mtu, na kila mtu alijua namsema nani. Shemeji akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo shemeji, watoto wangu wale nini?" Nikamjibu kwamba kwa mwendo huo watakuja kula jangwa. Waliokuwa pembeni wakacheka. Yeye akanyamaza, kisha akasimama akasema kwamba kwenye uwanja wa baba yake haji mtu kumwita mharibifu, akaondoka kabla ya dua ya mwisho.

Aliniuliza swali la kweli, nami nikawajibu wale waliokuwa wanacheka. Hapo ndipo nilipokosea, hata kama kila nililosema kuhusu misitu ni sahihi, na mpaka leo naamini ni sahihi.

Tukanuniana misimu miwili. Mke wangu simu za kaka yake akawa anapokelea uani. Watoto wakienda likizo kwa bibi yao, mimi nawapandisha basi na kurudi. Na muda wote huo nilijiona nimeshinda, kwa sababu kila niliyemsimulia alinipa haki. Niliokuwa nawasimulia ni warina asali wenzangu.

Mama mkwe, ambaye sote tunamwita mayu, hakuitisha kikao cha ukoo. Julai alinipigia akasema ana mahindi ya kupukuchua na mikono haitoshi. Nikafika nikamkuta shemeji ameshakaa kwenye kigoda, magunzi yameanza kulundikana miguuni. Mayu mwenyewe alikaa kando mlangoni pa jiko, kama heshima ya mkwe inavyotaka, lakini pa kutusikia. Masharti yake yalikuwa mawili tu. Mikono isisimame. Na mtu asijibu mpaka ayaseme kwanza maneno ya mwenzake, na mwenzake akiri kwamba "ee, ndivyo".

Siku hiyo tumbaku haikutajwa. Alituuliza kuhusu mbuzi wake, wauzwe ili bati la jiko libadilishwe, au waachwe wazae kwanza. Shemeji anataka wauzwe, mimi sitaki. Mara ya pili tukajadili mbegu, ile ya dukani na ile aliyokuwa anaweka baba mkwe. Nilidhani mayu anatupotezea muda. Sasa naona alifanya ninachofanya mimi na kijana anayejifunza kurina. Simpeleki siku ya kwanza kwenye mzinga wenye nyuki wakali. Naanza naye kwenye mzinga mtulivu, ajue kushika moshi, ajue mkono wake unatetemeka kiasi gani.

Mara ya tatu ndiyo tukaingia kwenye tumbaku. Shemeji alisema hivi, nayaandika kama nilivyoyashika:

"Mahindi nalima, alizeti nimejaribu. Mahindi nikishavuna, mnunuzi ananikuta na gunia, na yeye ndiye anayetaja bei. Tumbaku naingia mkataba mapema, mbolea inakuja kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, bei ya kila daraja naisikia kabla sijapeleka robota, mzigo wa tumbaku, hata moja sokoni."

Zamu yangu ya kurudia. Nikasema, "Unalima kwa sababu tumbaku ina pesa." Akasema hapana, sijasema pesa, kuna mwaka nimemaliza kulipa deni la chama nikabaki na hela ya baiskeli. Nikajaribu tena, "Unalima kwa sababu ndiyo uliyoizoea." Hapana. Mara ya tatu nikasema, "Unalima kwa sababu huna njia nyingine." Mikono yake ikasimama. Mayu akakohoa kule mlangoni, ikaendelea. Akasema taratibu, "Njia ninazo. Usinionee huruma ambayo sijaiomba." Mara ya nne nikasema, "Unalima kwa sababu ndilo zao ambalo una uhakika wa mbolea na mnunuzi kabla ya mvua." Akachukua hindi lingine, akalipukuchua lote, ndipo akasema, "Ee, ndivyo."

Wakuu, karibu saa nzima ilikuwa imepita na sikuwa nimetoa hoja yangu hata moja. Mara zote tatu nilizokosea sikuwa nimesikia vibaya. Maneno yake niliyasikia. Nilikuwa nayabadilisha njiani ili yawe mepesi kuyajibu.

Hoja yangu yeye aliirudia mara moja tu ikatosha. Kwamba bani linakula kuni usiku na mchana karibu wiki nzima, mpaka jani liive rangi, likauke, na mshipa wa katikati nao ukauke. Kwamba miti inayoingia kwenye jiko la bani ndiyo hiyo hiyo inayochanua, na isipochanua nyuki wanahama. Aliisema vizuri kuliko mimi kwa sababu yeye ndiye anayelala bani kuchochea moto na kuchungulia kipimajoto saa nane usiku. Kisha akaniuliza, "Na mizinga yako ya magome shemeji, gome linatoka wapi?"

Hapo nilikosa la kusema. Mwenye kujua kazi hii anajua. Mti wa muyombo ukishauchuna gome kuuzunguka, umeuua, haijalishi gome limekwenda kushika asali au limekwenda wapi. Zaidi ya nusu ya mizinga yangu ilikuwa ya magome. Miaka yote nimekuwa nikijitangaza kwamba sisi warina asali ndio walinzi wa misitu, na kuna ukweli mkubwa ndani yake, maana penye mizinga watu wanaogopa kukata. Lakini hakuna rafiki yangu hata mmoja aliyewahi kuniuliza lile swali. Wangeniulizaje, na wao wana mizinga ya magome?

Tangu hapo tunakutana karibu kila mwezi, mahindi yakiisha tunabangua karanga. Sijamwachisha tumbaku. Yeye ameongeza shamba la miti ya kuni, mimi kila mzinga wa gome unaooza naubadilisha kwa wa mbao. Jambo lenyewe kubwa bado tunapingana vilevile, na siku nyingine naondoka pale nimekasirika.

Nilichokuja kusema hapa jukwaani ni kwamba hii ni kazi ya mazoezi. Watu tunadhani kujadiliana na mpinzani ni tabia, kwamba fulani ana busara na fulani ana hasira. Mimi nina hasira. Ila mwezi wa nne wa vikao vyetu sikuwa mtu yule yule wa mwezi wa kwanza wa vikao, na nilipokaa miezi miwili bila kwenda kwa sababu ya msimu, nilirudi nikakuta nimeanza tena kumkata kauli. Ujuzi huu unaota kutu haraka sana.

Karibuni, na zaidi karibuni mnaopinga.

KijiweIsevya

Mkuu hongera kwa kuandika wazi. Ila naona unatafuta kitu ambacho Mnyamwezi alikuwa nacho tangu enzi za misafara. Utani. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, wakapita kwenye nchi za watu, na wangeuana njia nzima kama si utani. Mnyamwezi na Mzaramo mpaka leo wanaambizana maneno ambayo mwingine angeshikiwa panga. Msibani mtani anaingia, anamsema marehemu mbele ya maiti, watu wanacheka machozi bado yako usoni. Hayo ndiyo mazoezi. Tuurudishe utani badala ya kutunga masharti mapya ya kupukuchua mahindi.

MrinaAsali (mleta uzi)

Nakuelewa hivi: kwamba tayari tuna njia yetu ya kuambiana mazito bila kuvunjana, na imefanya kazi miaka mingi, kwa hiyo tusidharau cha nyumbani. Kama nimekosea nisahihishe.

Nakubaliana nawe kwamba utani unaondoa sumu. Nilipo na wasiwasi ni kwamba mtani hadaiwi kubadilika. Mtani wangu Mzaramo ameniambia mara mia kwamba sisi ni wapagazi, nami nimemwambia yake, na hakuna aliyejifunza kitu cha mwenzake. Utani unatuwezesha kukaa pamoja. Nilichokosa mimi na shemeji ni zaidi ya kukaa pamoja. Tena waliocheka siku ya arobaini walidhani ni utani ule. Yeye hakuwa mtani wangu, alikuwa kaka wa mke wangu amefiwa na baba.

KijiweIsevya

Hapo kwenye "hadaiwi kubadilika" umenisimamisha. Nitarudi.

MwalimuMstaafu

Salaam nyote. Nimefundisha sekondari miaka thelathini na moja, zaidi ya nusu yake humu humu mkoani, na nimesimamia midahalo isiyo na idadi. Naomba nichangie kwa mambo mawili.

La kwanza ni hilo la mdahalo wenyewe. Kuna wakati niliwalazimisha wanafunzi wabadilishane pande baada ya mapumziko, aliyekuwa mtoa hoja awe mpinga hoja. Wengi walichukia. Binti mmoja alikuja ofisini akalalamika kwamba nimemvuruga, sasa haamini tena alichokuwa akikiamini asubuhi. Nilimwambia avumilie siku mbili tatu. Lakini kwa uzoefu wangu mdahalo wa shule una upungufu mkubwa ambao simulizi ya mleta uzi imenionyesha vizuri: hakuna mahali kwenye mdahalo pa kusema "hapo umesema kweli". Ukisema hivyo unapoteza alama. Tunawafunza vijana kusikiliza kwa ajili ya kuviziana, halafu tunashangaa mikutano yetu ikoje.

La pili ni historia ya mji huu. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Juu ya hayo kulikuwa na masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha nje Waafrika wengi mno. Chama kilikuwa kinaupinga utaratibu ule, na wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere alisimama akatetea kuingia kwenye uchaguzi. Baada ya mabishano makali mkutano ukakubali kushiriki, na hadi leo tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaanzisha African National Congress. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Darasani tunaifundisha kama hadithi ya mtu mmoja mwenye kipaji cha kusema. Nimeifundisha hivyo mwenyewe. Siku hizi nawaza zaidi kuhusu wale wajumbe. Mtu amesafiri kwa treni kutoka kwao, ametumwa na wenzake akaseme tususie, na anarudi kuwaambia nimebadili mawazo. Atawatazamaje? Hiyo ni kazi ngumu kuliko ya kuhutubia, na hatuna majina ya wengi wao vitabuni. Namheshimu pia Mtemvu kwa kutoka akijua anakwenda kuwa wachache. Mwaka 1962 alisimama kugombea urais dhidi ya Nyerere akashindwa vibaya, lakini alisimama.

Mwalimu alikuwa amesoma Tabora Boys tangu 1937 hadi 1942, kisha akafundisha St Mary's, ambayo leo ni Milambo. Mji huu ulimjua akiwa anajifunza kubishana.

BintiUyui

Nimesoma yote mpaka hapa na nitakuwa wa kwanza kukataa.

Mleta uzi, wewe na shemeji yako mko sawa. Ana shamba lake, una mizinga yako. Mkikosana kila mtu anarudi kwake kula. Mimi baba alipofariki, wazee wa ukoo na baba zangu wadogo walikaa kikao wakasema binti harithi shamba, ataolewa. Kikao kile kilikuwa na maneno mazuri sana. Waliniita mwanetu. Walinisikiliza. Mmoja hata aliyarudia maneno yangu, kwa usahihi, kama mayu wenu anavyotaka. Kisha wakagawana.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Haki ambayo imeshaandikwa, kwa nini niifanyie mazoezi ya kujadiliana? Nilikwenda barazani, baraza la ardhi. Ningekaa na baba mdogo kupukuchua mahindi, mahindi yenyewe yangekuwa yametoka kwenye shamba la baba yangu.

Msiwaambie watu wanaoonewa wakajifunze kusikiliza. Wameshasikiliza vya kutosha.

MrinaAsali (mleta uzi)

Dada yangu, nimeandika jibu mara tatu nikafuta. Nitasema nilivyokuelewa: kwamba mazungumzo yanaweza kutumika kama pazia, mtu anakusikiliza vizuri ili usilalamike kwamba hukusikilizwa, huku kitu chenyewe kiko mkononi mwake na hana nia ya kukiachia. Na kwamba mahali penye jambo kama hilo pa kwenda ni barazani.

Sina la kupinga. Sikuwa nimelifikiria, kwa sababu halijanipata. Uzi wangu niliuandika kama vile wote tumekaa kwenye vigoda vya kimo kimoja.

BintiUyui

Ee, ndivyo. Asante.

Na kwa kuwa umesema vile, acha nikwambie kitu ambacho sikutaka kukiandika. Baba wadogo sikuzungumza nao, na sizungumzi nao. Lakini bibi yangu alikuwa upande wao, na huyo ndiye aliyeniuma. Mwanamke mwenzangu, amenilea. Mwaka mzima nilimpelekea sukari na sabuni nikiwa nimenuna. Siku moja nikamuuliza kwa nini, na safari hii nilitaka kujua kweli. Akasema, "Shamba likienda kwako ukaolewa, mimi nitazikwa uwanja wa nani?" Alikuwa anaogopa. Hakuwa na kitu chochote dhidi yangu. Wanaume wale walikuwa wamemwambia kwamba nikipewa mimi, yeye atahamishwa.

Kesi haikubadilika kwa sababu hiyo. Ila mbele ya baraza bibi aliitwa, na alisema ukweli kuhusu mipaka.

KipeKibirizi

Wakuu, mimi niko Kigoma, mvuvi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Sina maneno mengi ya kitabu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Makubaliano ya nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu huingii majini. Mtu ana kipe, chombo chake cha kuvulia dagaa, ana vijana kumi, ana deni la injini. Kabla ya kufungwa kulikuwa na mikutano. Niliongea, nikapigiwa makofi. Mkutano mzima kila anayesimama anaongea na wale wanaompigia makofi. Wataalamu nao wanaongea na karatasi zao. Nilitoka pale sijui chochote zaidi ya nilichoingia nacho.

Sasa sikilizeni. Uvuvi wetu ni wa taa, unataka giza. Siku za mbalamwezi hatuendi, dagaa hawajikusanyi kwenye taa mwezi ukiwa juu. Siku hizo tunashona nyavu. Pale kwetu kuna mzee, mvuvi tangu enzi za karabai, yeye alikuwa anataka ziwa lifungwe. Vijana walimwona msaliti. Kwa kuwa nyavu zilikuwa zangu na yeye ndiye fundi, ilibidi nikae naye. Macho yako kwenye matundu ya wavu, hakuna wa kukupigia makofi.

Akaniuliza mwaka wangu wa kwanza majini nilikuwa napiga makasia mpaka wapi kupata dagaa. Nikamwambia pale mbele tu, taa za Kibirizi bado unaziona. Na sasa? Sasa nachoma mafuta mpaka mbali sana. Hakusema kitu tena. Akaendelea kushona.

Bado nilipinga kufungwa bila kupewa kitu cha kula miezi mitatu, na ninapinga hadi leo. Kina mama wa chanja, wanaoanika dagaa, waliumia kuliko sisi na hakuna aliyewauliza. Lakini sikuweza tena kusema ziwa halina shida. Nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimechangia kwa sababu ya lile la mikono isisimame. Ni kweli kabisa.

MwalimuMstaafu

Ndugu wa Kibirizi, umenifundisha. Swali la yule mzee halikuwa na mtego ndani yake, na ndiyo maana ulilijibu. Nadhani hapo pia ndipo mleta uzi aliposhindwa siku ya arobaini na shemeji yake akaweza: "gome linatoka wapi?" Natamani ningewafundisha wanafunzi wangu kuuliza kabla ya kuwafundisha kujibu.

KijiweIsevya

Nimerudi. Nimelifikiria lile la utani siku mbili. Jana nilimpigia mtani wangu, Mzaramo wa Kisarawe, tunajuana tangu jeshini, miaka ishirini na zaidi. Nikamwambia leo bila utani, niambie jambo moja kuhusu sisi Wanyamwezi ambalo unaliamini kweli. Akacheka. Nikasubiri. Akaniambia. Halikuwa jambo la kabila, lilinihusu mimi, na hela aliyonikopesha 2009 ambayo kila nilipokumbushwa niliigeuza utani.

Sitaandika zaidi. Hela nimeshaituma.

MrinaAsali (mleta uzi)

Wakuu, shukrani. Nimesoma kila mchango, na ule wa BintiUyui nimemsomea mke wangu kwa sauti. Akasema angekuwa na dada kama huyo kwenye ukoo wao.

Narudi kwa ajili ya marekebisho. Jumamosi nilikuwa Urambo, na shemeji amesoma uzi wote kwenye simu ya mwanawe. Anasema kuna mahali nimemwandika sivyo, na amenitaka nirekebishe hapa hapa mlipousoma.

Ni pale kwenye uhakika wa mbolea na mnunuzi. Nikamwambia lakini shemeji, ulisema "ee, ndivyo". Akasema siku ile alikuwa amechoka, na nilikuwa nimekaribia kiasi cha kutosha, akaona anipe. Tukarudia upya, karanga mkononi, safari hii mayu hayupo, alikuwa kanisani. Nikajaribu mara mbili. Haya ndiyo maneno yake, nimemsomea kabla ya kuyatuma, na ameyakubali:

Mbolea na mnunuzi ni sehemu tu. Mkataba wa tumbaku ndiyo karatasi pekee yenye jina lake ambayo mtu mwingine anaiamini. Mwenye duka akijua yumo kwenye chama anamkopesha sukari na sabuni mpaka masoko yafunguliwe. Mwalimu mkuu anamvumilia michango ya watoto. Akilima mahindi ekari zile zile, kwa jasho lile lile, anakuwa mtu ambaye kila kitu lazima alipe papo hapo. Kwa hiyo nikitaka aache tumbaku, nisimletee zao lingine. Nimletee karatasi nyingine ambayo mwenye duka ataiamini.

Nimemwambia asali haina karatasi hiyo. Akasema anajua, ndiyo maana mdogo wake aliacha mizinga. Sikuwa najua kwamba mdogo wake aliwahi kuwa na mizinga.